Hospitali Isiyo na Wenyewe Haidumu

Ndugu wananchi wa Nambis, na ninyi nyote wa Mbulu na Hanang mnaosoma gazeti hili, leo nataka tuseme juu ya jambo ambalo kwa desturi hatulisemi mpaka limekwisha kuharibika. Ni jambo la hospitali zetu: nani anazitunza, nani anazilipia, na siku zikielekea kufungwa nani atasimama kuzuia.

Siandiki makala haya kutangaza kwamba hospitali fulani itafungwa kesho. Naandika kwa sababu wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa upo, tena kila mwenye macho anauona. Mimi nimesomea ualimu, na mwalimu hufundisha somo kabla ya mtihani, si baada yake.

Mlango haufungwi kwa siku moja

Watu wengi hudhani kwamba hospitali hufungwa kwa amri. Wanadhani siku moja atakuja bwana mkubwa na karatasi yenye mhuri, atie kufuli, na hapo ndipo wananchi watakapokusanyika kupiga kelele. Sivyo hata kidogo. Hospitali hufungwa polepole, na mara nyingi hufungwa huku sisi wenyewe tukipita mlangoni kila siku.

Kwanza dawa hupungua. Mgonjwa anapewa karatasi akanunue dukani. Kisha daktari anahamishwa au anastaafu, na nafasi yake inabaki wazi. Kisha mashine ya kupimia inaharibika, na fundi haitwi kwa kuwa fedha ya kumlipa hakuna. Wenye uwezo huanza kwenda kwingine, na wakienda, mapato ya hospitali hushuka. Mapato yakishuka, wauguzi hulipwa mishahara kwa kuchelewa, na walio hodari hutafuta kazi mahali pengine. Wodi moja inafungwa, halafu ya pili. Kufuli likija mwishoni huwa ni mazishi tu. Marehemu alikwisha kufa zamani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anayengoja kufuli ndipo aitishe mkutano amechelewa. Wakati wa kukusanyika ni siku ile dawa ya kwanza inapokosekana.

Tutazame Haydom

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tunayo Haydom, kilomita 80 hivi kutoka mjini Mbulu. Nchi ile zamani ilikuwa pori la mbung'o. Watu walifyeka pori, wakaingia na ng'ombe zao na majembe yao, na wamisheni Walutheri kutoka Norway wakajenga hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955. Mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wa Tanganyika, alifika Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen, naye akaitumikia hospitali ile kwa miongo mingi. Leo ina vitanda zaidi ya 400. Ni hospitali ya rufaa, chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu.

Nani wanaolala katika vitanda hivyo? Ni Wairaqw, ni Wadatoga, ni Wahadzabe, ni Wanyisanzu, ni Wanyiramba. Ni Mkristo, ni Mwislamu, ni mtu wa dini ya mababu. Taifa tunalolihubiri majukwaani linaonekana pale wodini bila hotuba yoyote, kwa maana maradhi hayaulizi kabila wala kadi ya chama.

Tena msidhani kwamba hospitali ya porini haina la kuufundisha ulimwengu. Utafiti wa kuokoa watoto wachanga na mama zao uliofanywa Haydom ulizaa mpango wa kuwapa wakunga mazoezi ya mara kwa mara kazini, pamoja na vyombo bora vya kusikilizia moyo wa mtoto na kumsaidia kupumua. Mpango huo ulipelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa 5, Manyara ikiwamo, na kati ya mwaka 2021 na 2023 wakahesabiwa akina mama zaidi ya 280,000. Vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa asilimia 75 hivi. Watoto waliokufa katika siku yao ya kwanza walipungua kwa asilimia 40 hivi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida kubwa la udaktari la Marekani. Hii si sifa ya bure. Ni hesabu ya mama waliorudi nyumbani na watoto mgongoni.

Lakini je, nani amekuwa akiilipia Haydom? Kwa miaka mingi fedha kutoka Norway, za serikali yao na za marafiki wa hospitali, zilikuwa nguzo kubwa ya nyumba ile. Nguzo hiyo imekuwa ikipunguzwa. Hatuwezi kuwalaumu watu wa Norway. Wamesaidia kuliko ilivyowapasa. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa kwetu mambo yamekuwa kinyume: mgeni ndiye aliyeshika jembe tangu siku ya kwanza, na mwenyeji amekaa kivulini. Siku mgeni akichoka, mwenyeji hana budi kulishika.

Na mgeni anaweza kuondoka ghafla. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake ng'ambo, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lao kubwa la misaada, USAID, likakoma. Katika nchi nyingi za Afrika, na za Afrika Mashariki zikiwamo, kliniki zilizotegemea fedha ile zilifungwa na watumishi wake wakaachishwa kazi. Wagonjwa wa kliniki hizo hawakuulizwa, wala hawakuwa na kura katika jambo lile. Ndiyo hali ya mtu anayelala katika nyumba asiyoilipia: akiambiwa atoke, hutoka.

Serikali nayo ina deni lake

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Wako watakaosema, "Mwandishi huyu anataka mkulima wa Nambis abebe mzigo wote." La, hasha. Vita juu ya maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, ilitangazwa kuwa kazi ya taifa zima. Serikali haiwezi kuitupa kazi hiyo mlangoni kwa mwananchi na kuondoka.

Serikali na makanisa walitia sahihi makubaliano mwaka 1992 juu ya huduma za jamii. Halmashauri nazo huwekeana mikataba ya huduma na hospitali za dini: serikali hutoa watumishi na fedha, na hospitali hutibu wananchi wote. Mwaka 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi ni deni, na mdai wa deni hili ni mwananchi.

Sera yetu ya afya inasema mama mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano, na mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, watibiwe bure. Ni sera ya haki nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini tukumbuke kwamba bure ya mgonjwa si bure ya hospitali. Bandeji hununuliwa. Mafuta ya jenereta hununuliwa. Mkunga anayekesha usiku ana watoto wanaokula. Serikali ikisema mama huyu asilipe, basi serikali yenyewe imlipie, tena kwa wakati. Isipofanya hivyo, inageuza haki ya mama kuwa deni la hospitali, na deni hilo ndilo litakalomfungia mama mlango mwaka ujao.

Jirani zetu wa Kenya wameliona jambo hili. Mwezi wa Oktoba 2024 walibadili mfuko wao wa bima, wakaanzisha mamlaka mpya. Hospitali za dini na za watu binafsi zikalia kwamba madeni ya mfuko wa zamani hayajalipwa na malipo ya mfuko mpya yanachelewa, na mwaka 2025 nyingine zikasimamisha huduma kwa wenye kadi. Funzo ni wazi. Kadi ya bima ni karatasi tu kama anayepaswa kulipa halipi.

Kwa hiyo madai yetu kwa madiwani na mbunge yasiwe ya jumla jumla. Tusiseme tu "tunataka afya bora." Tuulize: mkataba wa huduma unasema nini? Watumishi wangapi waliahidiwa, na wangapi wamefika? Fedha kiasi gani zilipangwa mwaka huu, na kiasi gani zimefika? Kiongozi huweza kukwepa kilio. Hesabu ni vigumu kuikwepa.

Wenzetu wa Kisiizi

Sasa nataka niwaonyeshe watu walioamua kuwa wenyewe wa hospitali yao. Kusini-magharibi mwa Uganda, wilayani Rukungiri, iko hospitali ya Kanisa la Uganda iitwayo Kisiizi, iliyoanzishwa mwaka 1958 karibu na maporomoko ya maji. Nchi ile ni ya milima na mabonde, kama yetu. Tangu zamani watu wake walikuwa na vikundi viitwavyo engozi, maana yake machela. Kaya za kijiji zilijiunga, na mmoja akiugua wenzake walimbeba mabegani hadi hospitali. Akifa, walimrudisha nyumbani na kusaidia mazishi.

Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilianzisha bima ya wananchi. Haikutunga chama kipya kutoka ofisini. Iliwaendea watu wa engozi ikawaambia: ninyi mnaobeba mgonjwa kwa pamoja, mlipieni pia kwa pamoja. Kikundi kizima kinajiandikisha, na kila kaya inatoa fungu lake kabla ya ugonjwa kuja.

Tazameni busara iliyo ndani yake. Kila mtu akingoja mpaka augue ndipo akate bima, mfuko utakuwa na wagonjwa peke yao, nao utakauka kwa msimu mmoja. Kikundi kikiingia chote, mzima anamsaidia mgonjwa leo, kesho naye atasaidiwa. Tena mganga mkuu hahitaji kumfuata mdaiwa mmoja mmoja, maana majirani wenyewe wanajuana. Mwaka 2001 serikali ya Uganda iliondoa malipo katika hospitali zake, na wengi wangetazamia watu waache kuchangia. Lakini bima ya Kisiizi iliendelea, na wanachama wake wamefikia makumi ya maelfu. Waliendelea kutoa kwa sababu wakifika hospitalini na kadi, dawa walizikuta.

Sisi nasi tulijaribu. Mwaka uleule wa 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria kwa nchi nzima. Ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, mchango uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Katika wilaya nyingi watu waliingia, kisha wakatoka. Kwa nini? Kwa sababu mtu alifika na kadi akaambiwa dawa hakuna. Nani atanunua shuka asiyoruhusiwa kujifunika? Tangu hapo Bunge letu limepitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, mwezi wa Novemba 2023. Sheria ni njema, lakini haitafanikiwa kwa kuandikwa Dodoma peke yake. Itafanikiwa pale kijiji kitakapoilinda dawa yake kama kinavyolinda mbegu ya kupanda.

Hata London wamelazimika kusimama

Pengine mtu atasema haya ni mambo ya nchi maskini, na kwamba nchi tajiri hospitali zao hazitikisiki. Si kweli. Mwaka 2013, kusini mwa London, serikali ya Uingereza ilitaka kupunguza huduma za dharura na za uzazi katika hospitali ya Lewisham. Hospitali hiyo haikuwa imefilisika. Waliofilisika walikuwa majirani zake, na ikaamuliwa kwamba Lewisham ikatwe ili deni lao lipatiwe dawa.

Wakazi walikataa. Madaktari, wauguzi, akina mama, wazee, watu wa asili mbalimbali waliungana, na mwezi wa Januari mwaka huo maelfu waliandamana katika baridi kali. Hawakuishia kuandamana. Walichanga fedha, wakaajiri mawakili, na halmashauri ya mji wao ikasimama nao mahakamani. Mwezi wa Julai 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba waziri amevuka mamlaka yake. Waziri alikata rufaa, na mwezi wa Oktoba akashindwa tena. Hospitali ikabaki.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu hii ndiyo ya kuzingatia. Mwaka 2014 serikali ileile ilibadili sheria ili ipate mamlaka mapana zaidi ya kufanya jambo kama lile mbeleni. Kwa hiyo ushindi mmoja si kinga ya milele. Watu wanaolinda hospitali yao hawana likizo.

Shauri langu kwa Nambis

Nikirudi kwetu, nina mashauri manne, nami nayatoa wazi ili yapingwe au yakubaliwe mkutanoni.

La kwanza, tuijue hesabu. Kila kituo cha afya na kila zahanati ya umma ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za serikali hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo. Basi fedha ziko karibu nasi kuliko zamani. Tuchague katika kamati watu wanaojua kusoma daftari na wasioogopa kuuliza, akina mama wawemo, maana wao ndio wanaojua njia ya kliniki. Kila miezi mitatu mapato, matumizi na dawa zilizopo yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili chepesi, na Kiiraqw kitumike pale wazee wanapokihitaji.

La pili, tutumie mashina yetu. Chama kina nyumba kumi kumi, nazo hazikuwekwa kwa ajili ya uchaguzi tu. Shina liwe engozi yetu: lijue nani ana mimba, nani hana bima, nani mzee asiye na mtu. Hebu tufanye hesabu ya darasa la tano. Kaya 200 zikitoa shilingi 30,000 kila moja, zimetoa shilingi 6,000,000. Kaya moja kutoa kiasi hicho siku ya ugonjwa ni kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa. Kukitoa kidogo kidogo baada ya mavuno, kwa pamoja, inawezekana. Na yule asiye nacho kabisa, shina limtaje, naye aingizwe bila aibu. Jambo hili ni la wakazi wote, wa chama chetu na wasio wa chama chetu. Atakayemwuliza mgonjwa kadi yake ya chama amekiaibisha chama.

La tatu, tuzitetee hospitali zote kwa pamoja, ya Mbulu mjini, ya Haydom na vituo vyetu vidogo. Wengine husema, "Ile ni ya kanisa, hii ni ya serikali." Mama anayevuja damu usiku hatofautishi. Zahanati ikifa, wagonjwa wa malaria watajaa hospitali ya rufaa. Hospitali ya rufaa ikifa, zahanati haitakuwa na pa kumpeleka aliyeizidi uwezo. Ni mnyororo, na pete moja ikikatika wote umekatika.

La nne, tuwe tayari kabla ya msiba. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walikufa. Majeruhi walikimbizwa katika hospitali za mkoa wetu wa Manyara. Siku ile hakuna aliyeuliza kwa nini tunagharimia vitanda ambavyo jana vilikuwa vitupu. Kitanda kitupu si hasara. Ni ghala la mahindi linalongoja mwaka wa njaa.

Jibu kwa wanaosita

Najua yatakayosemwa. Wako watakaosema, "Tumekwisha kulipa kodi." Ni kweli, na ndiyo maana nimesema serikali idaiwe kwa hesabu. Lakini anayechangia na kusoma daftari hudai kwa sauti nzito kuliko anayelalamika kando ya njia. Wako watakaosema, "Fedha zitaliwa." Nao wana haki ya kuhofu, maana zimeliwa mahali pengi. Dawa ya hofu hiyo si kukunja mikono, ni daftari kusomwa hadharani. Mwizi hapendi mkutano.

Na wako wanaongoja mfadhili mwingine. Hawa nawaomba watafakari. Nchi hii ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, hesabu ya kujaza benchi mbili. Hatukusema tungoje mpaka wawe elfu ndipo tujitawale. Tulianza na 12. Watu wa Haydom walianza na shoka na pori la mbung'o. Kisiizi walianza na machela. Sisi wa Nambis tuna barabara, tuna simu, tuna vijana waliosoma, tuna mavuno. Kilichopungua ni shauri moja.

Basi mkutano ujao wa kijiji, kabla wazee hawajaufunga kwa slufay kama ilivyo desturi yetu, kila mmoja aje na swali moja tu: dawa za mwezi huu ziko wapi, na nani anazo funguo za ghala? Mkishapata jibu, ulizeni la pili. Msiache kuuliza mpaka kila mtu wa Nambis aweze kusema bila kusita: hospitali hii ni yetu, na hesabu yake naijua.